Haki ya Aliyetuletea Chakula: Mizani, Deni na Saumu

Nakala ya darsa ya Ramadhani iliyotolewa baada ya sala ya Alasiri, Southall, London

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyetufikisha tena katika mwezi huu mtukufu ilhali baadhi ya tuliofunga nao mwaka jana wamekwisha tangulia mbele ya haki. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba wake wote.



Ama baad. Imebaki kama saa moja kabla ya adhana ya Magharibi, na harufu ya sambusa imekwisha kutufikia kutoka jikoni. Tunaomba tuitumie saa hii kuzungumza juu ya chakula hicho hicho tunachokingojea. Namna ya kukipika mama zetu wanaijua kuliko sisi. Tutazungumza namna kinavyolipiwa, na haki ya yule aliyetuletea.

Ndugu zetu, tutazame kitakachowekwa juu ya jamvi. Zipo tende, yapo maharage ya nazi, zipo ndizi, parachichi na maembe. Hakuna hata kimoja kilichoota Southall. Soko la jumla la Western International, lililohamia hapa Hayes Road kutoka Brentford mwaka 1974, huamka usiku wa manane sisi tukiwa tumelala, na uwanja wa ndege wa Heathrow hauko mbali nalo. Katika matumbo ya ndege zile tunazozisikia juu ya mapaa yetu husafiri maharage mabichi ya Kenya, yale ambayo wakulima wa Kirinyaga huyaita mishiri, pamoja na maua ya Naivasha. Sehemu huingia katika masoko ya jumla, na sehemu kubwa huenda moja kwa moja kwenye rafu za supamaketi. Kila tunda limepita mikono mingi, na kila mkono una haki yake. Swali la leo ni hili: je, kila mkono umepata haki yake, na kwa wakati wake?

Dini yetu haikuliacha swali hili kwa wafanyabiashara peke yao. Katika Kurani ipo sura nzima, ya 83, iliyopewa jina la wapunjaji, wale wanaotaka haki yao itimizwe barabara lakini wanapokuwa wao ndio wapimaji, mkono huwa mwepesi. Nabii Shuaib, amani iwe juu yake, alitumwa kwa watu wa Madyan, na mara tu baada ya kuwaita katika ibada ya Mola mmoja aliwakanya juu ya vipimo na mizani. Na aya iliyo ndefu kuliko zote, aya ya 282 ya Suratul Baqara, haizungumzii sala wala saumu. Inazungumzia deni: liandikwe, lishuhudiwe, muda wake ujulikane, liwe dogo au kubwa.

Wazee wetu wa pwani waliyaelewa haya wakayatia katika methali: mali bila daftari hupotea bila habari.

Yako pia mafundisho ya Mtume, rehema na amani zimshukie, ambayo yanatuhusu sana katika mada hii. Aliwakataza wafanyabiashara wa mjini kuutokea msafara wa wachuuzi njiani na kununua bidhaa zao kabla hawajafika sokoni. Kwa nini? Kwa sababu mwenye msafara hajaijua bei ya mjini, na mnunuzi anaijua. Mmoja ana habari na mwingine hana. Na ikitokea akauza njiani, kisha akafika sokoni akaiona bei, sharia imempa hiari: akitaka ataiacha biashara isimame, akitaka ataivunja. Tuzingatie hekima hii. Sharia haikumwambia mwuzaji kwamba aliridhia mwenyewe, basi alie mwenyewe. Imetambua kuwa ridhaa ya asiyejua, mbele ya anayejua, ni ridhaa yenye kasoro.

Na fundisho la pili: kwamba tajiri mwenye uwezo wa kulipa, akichelewesha malipo, amedhulumu. Kuchelewesha peke yake, hata kama hatimaye atalipa, kumeitwa dhulma. Hapo ndipo penye kiini cha darsa yetu.

Sasa tuitazame nchi hii tunayoishi. Mwaka 2008 Tume ya Ushindani ya Uingereza ilimaliza uchunguzi mrefu wa biashara ya vyakula. Iliona kwamba supamaketi kubwa zilikuwa zikiwatwika wasambazaji hasara na gharama ambazo hawakuzitarajia. Maana yake ni hii: bidhaa imekwisha pelekwa, kisha masharti yanabadilishwa, mali imeibwa au kupotea dukani, msambazaji anakatwa, agizo kubwa linatolewa, mboga zinavunwa na kufungashwa, kisha agizo linapunguzwa na mboga zinabaki kuoza mikononi mwa mkulima.

Kutokana na uchunguzi huo ikaja Kanuni ya Ugavi wa Vyakula, iliyoanza kufanya kazi mwezi Februari 2010. Mwaka 2013 Bunge likapitisha sheria ya kuweka Mwamuzi wa kuisimamia kanuni hiyo, na wa kwanza kushika kazi hiyo alikuwa Christine Tacon. Kanuni inayataka maduka makubwa yafanye miamala kwa uadilifu, yasibadilishe mapatano baada ya mali kutoka, yasicheleweshe malipo, na yasimwondoe msambazaji katika orodha yao pasi na taarifa ya kutosha. Hivi leo kanuni hiyo inazihusu kampuni 14, zile ambazo mauzo yao ya vyakula hapa Uingereza yanapita pauni bilioni 1 kwa mwaka.

Mwezi Januari 2016 Mwamuzi alitoa ripoti juu ya Tesco, duka kubwa kuliko yote katika nchi hii. Alikuta kwamba kampuni hiyo iliivunja kanuni kwa kiwango kizito: ilichelewesha fedha za wasambazaji kwa kujua, ili hesabu zake zionekane nzuri. Palikuwa na msambazaji aliyedai mamilioni ya pauni ambaye alisubiri zaidi ya mwaka mzima. Wala kampuni haikutozwa faini, kwa kuwa mamlaka ya kutoza faini, inayoweza kufikia asilimia 1 ya mauzo, yalianza kutumika baada ya kipindi kilichochunguzwa. Baada ya hapo Tesco iliurekebisha mwenendo wake, na uadilifu unatutaka tulitaje hilo pia.

Huenda mtu akasema: hayo ni ya Wazungu, sisi kwetu kuna utu. Ndugu zetu, tusijidanganye. Tuliotoka Kenya twaikumbuka Nakumatt, iliyoanza na biashara ya magodoro Nakuru ikakua hadi kuwa na matawi zaidi ya 60 katika nchi nne za Afrika Mashariki. Fahari yote ile ilisimama, kwa sehemu kubwa, juu ya mali ya watu ambayo haijalipiwa. Rafu zilipoanza kubaki tupu ndipo wengi walipojua kuwa mleta maziwa, mleta mkate na mleta unga walikuwa wakidai mabilioni ya shilingi. Januari 2018 kampuni iliwekwa chini ya msimamizi, na Januari 2020 wadai wake wakapiga kura ifungwe. Waliopoteza zaidi hawakuwa wenye majina makubwa. Aliyeumia ni mfanyabiashara mdogo aliyekopa ili kujaza rafu za mkubwa.

Kenya nayo ikatunga sheria. Marekebisho ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2019 yaliyapa nguvu makatazo ya mnunuzi mkubwa kuutumia vibaya uwezo wake. Na mwezi Desemba 2023 Mamlaka ya Ushindani ya Kenya iliitoza kampuni ya Majid Al Futtaim, inayoendesha maduka ya Carrefour huko, faini ya shilingi bilioni 1.1, kwa malalamiko ya wasambazaji wawili, mmoja mtengenezaji wa mafuta ya kupikia na mwingine mwuza asali. Kampuni iliupinga uamuzi huo. Lakini tuangalie jambo moja: mwuza asali alithubutu kumshitaki mnunuzi wake mkubwa, naye akasikilizwa.

Kwa nini tunasema alithubutu? Kwa sababu ugonjwa mkubwa katika biashara hii ni hofu. Msambazaji hunyamaza akiogopa kwamba akidai, kesho bidhaa yake itaondolewa rafuni. Wahenga wamesema biashara haigombi, nayo ni kauli njema inapowafundisha watu wawili walio sawa kuvumiliana. Lakini mwenye nguvu akiigeuza kuwa kufuli ya kumfunga mnyonge kinywa, amani ile si amani tena.

Ndugu zetu, kanuni ya nchi hii ni njema, na tunamshukuru kila aliyeipigania. Lakini kila sheria ya binadamu ina mpaka, na hii ina mipaka miwili ambayo yatupasa tuijue.

Mpaka wa kwanza uko juu ya mnyororo. Kanuni inamlinda yule anayeliuzia duka kubwa moja kwa moja, hata kama anaishi ng'ambo. Mkulima wa mishiri wa Kirinyaga anayemwuzia msafirishaji, naye msafirishaji akamwuzia mwagizaji, naye mwagizaji akaliuzia duka, yuko nje ya ulinzi huo. Anaweza kumpelekea Mwamuzi habari kwa siri, lakini mkataba wake haumo. Dhulma ikitoka juu hushuka ngazi kwa ngazi, na anayeipokea mwisho ndiye asiye na wa kumteremshia.

Mpaka wa pili uko chini, nao ndio unaotugusa sisi. Kanuni inaishia kwenye pauni bilioni 1. Duka letu la halali, mgahawa wetu, bucha yetu, mpishi wetu wa maharusi, na jumuiya yetu hii, vyote viko chini ya mpaka huo. Hakuna Mwamuzi atakayeingia katika duka la barabarani hapa kumwuliza mwenye duka kwa nini hajamlipa mama aliyemletea mikate ya mofa. Hapo imebaki amana peke yake.

Na hapa tunaomba tuseme jambo ambalo si rahisi kulisema. Tunasema "sisi" kwa makusudi.

Ramadhani iliyopita kamati ya jumuiya hii, ambayo tunaozungumza ni miongoni mwa wajumbe wake, ilimpa mama mmoja kazi ya kupika futari ya kumi la mwisho. Tulipatana bei kwa mdomo. Wafungaji wakaongezeka, tukamwomba aongeze masufuria, naye akaongeza. Hakuna aliyesema nani atalipia nyongeza hiyo. Idi ikapita, Mfunguo Mosi ukaisha, Mfunguo Pili ukaandama, nasi hatujamkamilishia malipo yake. Mweka hazina alikuwa safarini, hundi ilitaka saini mbili, risiti mojawapo ilipotea. Kila udhuru ulikuwa wa kweli, na zote kwa pamoja hazikuwa udhuru.

Mama yule hakutudai. Tulipomwuliza baadaye, alituambia mambo mawili. La kwanza, aliona haya kuidai nyumba ya Mungu. La pili, aliogopa kwamba akidai, mwaka unaofuata kazi atapewa mwingine. Nasi tulipoyasikia hayo tulinyamaza, kwa kuwa ndiyo hofu ile ile iliyowafunga vinywa wasambazaji wa maduka makubwa. Yeye alikuwa amekopa mchele, nyama na mafuta kwa mwenye duka wa mtaani. Mwenye duka naye alikuwa akidaiwa na wauzaji wa jumla. Deni letu sisi, tuliolala tumeshiba, lilikuwa linawakosesha usingizi watu watatu.

Tulimlipa, tukamtaka radhi, naye akatusamehe. Tunayasimulia haya kwa idhini yake. Lakini saumu zetu za kumi lile, ambazo tulizifuturu kwa chakula tusichokilipia, zi katika hukumu ya Mola wetu, naye ndiye mwingi wa kusamehe.

Wanavyuoni hutukumbusha hadithi ya muflisi: mtu atakayekuja Siku ya Kiyama na sala, saumu na zaka, lakini alikula mali ya huyu na kumwonea yule. Mema yake yatagawiwa wale aliowadhulumu, na yakimalizika kabla ya madeni kwisha, atatwikwa makosa yao. Twaogopa njaa ya mchana mmoja. Na tuogope zaidi kufunga mwezi mzima, kisha saumu zile ziende kulipa ankara tuliyoikalia.

Liko jambo jingine linalotuhusu Waislamu hasa. Sheria ya nchi hii ya mwaka 1998 inampa mfanyabiashara aliyecheleweshewa malipo haki ya kudai riba ya asilimia 8 juu ya kiwango cha Benki Kuu ya Uingereza. Wengi katika ndugu zetu hawaigusi haki hiyo kwa kuiogopa riba, nao wamefanya vyema kuiogopa. Lakini tufikiri: anayejua kuwa mwenzake hatamtoza riba, kisha akaifanya ile taqwa ya mwenzake kuwa sababu ya kumweka foleni ya mwisho, huyo amefanya nini? Amemlipa kwanza anayemtoza, na amemchelewesha anayemcha Mungu. Ilipasa iwe kinyume. Asiyetoza riba ndiye wa kulipwa mapema zaidi.

Basi tufanye nini? Tunausia mambo matano.

La kwanza, tuandike. Bei, kiasi, siku ya kulipa, na nani atabeba hasara ya kisichouzwa. Aya ya deni haikumtoa jirani wala ndugu. Anayeona haya kuandikiana na rafiki yake, kesho ataona haya kuonana naye.

La pili, tulipe kabla ya kudaiwa. Wenzetu wa Umoja wa Ulaya, kwa agizo la mwaka 2019, wamezuia mnunuzi mkubwa kuchelewesha malipo ya vyakula vinavyoharibika zaidi ya siku 30. Ikiwa sheria imeweza kuwafikisha makampuni hapo, muumini na asishindwe. Na kabla hatujatoa sadaka za kumi la mwisho zinazotangazwa kwa majina, kila mmoja aulize nyumbani: nani anatudai? Dawa ya deni ni kulipa. Sadaka haimpunguzii mdai wetu hata senti moja.

La tatu, tusiwarudishie wadogo hasara zetu. Tukiagiza sambusa 300 na zikauzwa 200, mia iliyobaki ni yetu, ila kama tulipatana vingine tangu mwanzo. Anayetaka faida iwe yake na hasara iwe ya mwenzake ameshika mizani kwa mkono wa watu wa Madyan.

La nne, aliyedhulumiwa aseme. Kudai haki kwa adabu hakuvunji udugu. Wanaoyauzia maduka makubwa wana Mwamuzi wa kumpelekea habari, naye hufichua jina la mtoa habari pale tu anaporuhusiwa. Wafanyabiashara wadogo wanaodai makampuni makubwa wana Kamishna wa Biashara Ndogo. Na palipo na deni baina yetu sisi kwa sisi, masheikh wetu wapo, na baraza la usuluhishi la jumuiya lipo. Tusimngoje mtu akafika mahakamani kwa kukosa sikio msikitini.

La tano, tunaponunua, tuulize. Vijana wetu wanaofanya kazi katika maduka haya, wengine katika ofisi za ununuzi, wana sauti kuliko wanavyodhani. Na anayeiona parachichi ya bei ya chini mno ajiulize ni nani aliyeilipia sehemu iliyopungua. Hatusemi urahisi wa bei ni haramu. Wengi wetu hapa tunahesabu senti. Tunasema bei ndogo ina hadithi yake, na si kila mara hadithi ile ni ya baraka.

Ndugu zetu, saumu ni ibada isiyo na mkaguzi. Mtu akiingia jikoni kwake saa nane mchana akanywa maji, hakuna Mwamuzi, hakuna ripoti, hakuna faini. Hanywi kwa sababu anajua kuwa anaonekana. Mwenyezi Mungu ametufundisha kwa siku 29 au 30 kuacha hata kilicho halali yetu pasipo kuonwa na mtu. Basi inakuwaje tushindwe kutoa kilicho haki ya mwenzetu, pale ambapo sheria imefikia mpaka wake na macho ya watu hayafiki? Mpaka wa pauni bilioni 1 ni wa Bunge. Katika daftari la malaika hakuna deni dogo kiasi cha kuachwa.

Tunamalizia kwa habari njema. Futari ya leo imeandikwa. Kwa mama anayetupikia ipo karatasi yenye bei, idadi ya watu, malipo ya nyongeza na siku ya kulipa, nayo imetiwa saini na pande zote mbili. Nusu alilipwa kabla ya mwezi kuandama, na malipo ya juma hili ameyapokea jana. Kwa hiyo adhana itakapoadhiniwa, tutakapoinua tende zetu na kusema bismillahi, tutakula chakula cha halali kwa aina yake, na halali kwa njia iliyotufikia.

Ewe Mola wetu, zikubali saumu zetu na sala zetu. Tusamehe tuliyowacheleweshea waja wako, na utupe wepesi wa kuyalipa kabla hatujaitwa. Wape wakulima wetu wa Kirinyaga, wa Pemba, wa Lushoto na wa kila pembe mvua yenye baraka na wanunuzi wenye haki. Warehemu waliotangulia, na walipie madeni yao kwa mikono ya warithi wema. Utujaalie tuwe miongoni mwa wanaosimamisha mizani kwa uadilifu, wakionwa na watu na wasipoonwa. Amin, amin, ya Rabbal alamin.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.